Nilicheka Dereva Aliposema Usukani Unanata

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi, nilipofungua nati ya kwanza ya usukani wa lori lile. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nina desturi ya kuandika kila kazi ninayoifanya: saa niliyoanza, saa niliyomaliza, na kila kipande nilichokitoa kilikuwa wapi. Daftari hilo ninalo hadi leo, nalo ndilo shahidi wa kwanza dhidi yangu.

Kosa ni langu. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Watu kumi na tisa nusura wafe kwa sababu ya kimya changu, na mmoja wao, ambaye hakuwa na hatia hata chembe, ndiye aliyelaumiwa na mji mzima. Jina langu naomba lifichwe, si kwa kukimbia aibu, maana nimekwisha kuionja, ila kwa ajili ya dada yangu. Mengine yote nayasema kama yalivyokuwa.

Mimi ni Mbondei, mkazi wa Ngamiani, mjini Tanga, umri wangu umepita miaka arobaini na mitano. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge, na wakati wa vita, mafundi walipopungua, nikaanza kuchungulia injini. Baadaye nilinunua mnadani kitabu kikuukuu cha Kiingereza cha matengenezo ya malori, nikakisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, mpaka nikakimaliza. Kila sentensi niliyoielewa niliiandika kwa Kiswahili. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mbata. Dereva wake alikuwa Mnyamwezi, nitamwita Mihambo. Alikuja Tanga kukata mkonge kwa mkataba; mkataba ukaisha, yeye akabaki, akajifunza kuendesha magari.

Sisi Wabondei na Wanyamwezi ni watani. Kwa asiyejua nitasema kwa ufupi. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukifiwa, yeye ndiye mwenye haki ya kuja kufanya mzaha pale pale matangani, azuie chakula kisiliwe mpaka apewe senti zake, na wafiwa wacheke hali machozi hayajakauka. Miaka saba mimi na Mihambo tulifahamiana, na katika miaka hiyo saba sidhani kama tuliwahi kusalimiana kama watu wengine.

"Mla bada, uko hai au nikachimbe kaburi?" Hivyo ndivyo alivyobisha hodi asubuhi ile alipoleta lori uani kwangu, akinitania kwa ugali wetu wa muhogo unaonata.

"Mla michembe," nikamjibu, nikimrudishia viazi vikavu vya kwao, "shusha mzigo kichwani kwanza, ndipo uzungumze na bwana wako."

Akacheka, akashuka, akaushika usukani kupitia dirishani na kuutikisa. Ulicheza huku na huku, robo ya mzunguko mzima, na magurudumu ya mbele hayakujua kama ametikisa kitu.

"Naendesha kama mlevi," akasema. "Barabara ikinyooka, mimi napinda."

Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa arobaini ya mjomba wetu aliyefariki mlimani, katika kijiji kilicho chini kidogo ya Amani. Dada yangu mkubwa, nitamwita Mwanaidi, ndiye aliyepanga safari. Alikwenda kwa mwenye lori, wakapatana: lori litatupandisha na kuturudisha bila nauli, nami nitautengeneza usukani bila malipo. Kisha akawatangazia ndugu wote kwamba mdogo wake, asiyewahi kukanyaga gereji ya mtu, atalifufua lori lililowashinda mafundi. Nilisikia akiyasema hayo, nikafurahi.

Niliufungua usukani kwa utaratibu wangu. Kila kipande nilikiweka katika kifuu chake, na kila kifuu nilikiandika namba kwa mkaa. Kufikia saa nne nguzo nzima ya usukani ilikuwa imelala juu ya mkeka, imesafishwa kwa mafuta ya taa.

Nieleze kidogo, maana kosa lenyewe limo humu. Mwisho wa chini wa nguzo ya usukani kuna parafujo nene. Parafujo hiyo inaumana na kipande cha chuma chenye meno, vyote ndani ya kisanduku kimoja. Dereva akizungusha usukani, parafujo husukuma meno, na meno husukuma mkono unaogeuza magurudumu. Parafujo na meno vikilika, usukani hucheza. Pembeni ya kile kisanduku kunakaa vibati vyembamba kama karatasi. Ukitoa kimoja, meno husogea karibu zaidi na parafujo, na mchezo hupungua.

Niliitazama parafujo kwenye jua. Katikati, mahali panapofanya kazi gari likienda moja kwa moja, palikuwa pamelika hata ukipitisha ukucha unaingia. Pembeni, panapofanya kazi gari likikata kona kali, palikuwa pazima kabisa, kama siku lilipotoka kiwandani. Niliandika kwenye daftari: "Katikati pamelika. Pembeni pazima."

Kitabu kilikuwa wazi kuhusu jambo hilo, nami nilikuwa nimeandika tafsiri yangu kwa kalamu nyekundu: parafujo iliyolika katikati peke yake isikazwe. Ukiikaza mpaka mchezo wa katikati uishe, pembeni patakuwa pamebana mno, na usukani utakwama kwenye kona. Badilisha parafujo na meno yake pamoja.

Vipuri hivyo Tanga havikuwapo. Kuviagiza kungechukua wiki mbili, pengine tatu, tena nilijiambia ni ghali. Arobaini ilikuwa kesho kutwa.

Ningeweza kumwendea dada na kumwambia, lori halifai, twende Muheza kwa gari la moshi, na kutoka pale tutafute njia nyingine. Maneno hayo yangechukua dakika moja. Sikuyasema. Nilitoa vibati viwili, nikafunga.

Katikati usukani ukatulia kabisa. Mchezo haukuwapo tena. Niliviweka vile vibati viwili katika kikopo cha tumbaku, nikakitia mfukoni mwa shati.

Kitabu kilisema pia kwamba kazi ikiisha, gari linyanyuliwe mbele kwa jeki, usukani uzungushwe kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, na fundi asikilize kwa mikono yake. Jeki ninayo. Ilikuwa pale pale, hatua nne kutoka nilipokaa. Sikuitumia. Leo najua kwa nini. Mkono wangu ulikwisha kujua jibu, na mimi sikutaka kuulizwa.

Badala yake tulilijaribu barabarani. Mtu anayeijua Ngamiani anajua barabara zake, zimenyooka kama mistari ya daftari. Tulikwenda mpaka Mabawa tukarudi. Penye njia panda Mihambo alikata kwa mbali, taratibu, kama madereva wote wa mjini wanavyofanya. Alisema, "Leo umenipa usukani, mtani. Jana nilikuwa na mwiko wa ugali." Niliandika: saa kumi na moja na dakika kumi, kazi imekwisha, gari linakwenda sawa.

Sisi watu wa pwani tambarare tunapima gari kwa barabara tulizo nazo.

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Watu kumi na sita nyuma, na watatu mbele: Mihambo kwenye usukani, dada Mwanaidi katikati na sufuria ya mchele magotini, na mimi mlango wa kushoto. Mpaka Muheza dada hakuacha kunisifu. Mihambo akamwambia, "Dada, mpunguzie sifa huyu mtumwa, atanidai mshahara."

Kutoka pale tukaelekea mlimani, na milima ikaanza kutusogelea. Kona ya kwanza ya kupanda tuliikata vizuri. Ya pili Mihambo aliinuka kidogo kitini, akauvuta usukani kwa mabega yote mawili. Ya tatu nilisikia pumzi yake.

"Mtani," akasema, "usukani huu unang'ang'ania."

"Babu zako walizoea mizigo ya kichwani," nikamwambia. "Mikono yenu haijawahi kufanya kazi."

Dada akacheka. Mihambo naye akacheka, lakini kwa mdomo tu. Nilimwona akifuta kiganja kwenye suruali, kisha kiganja cha pili. Na baada ya kila kona niliona jambo jingine: usukani haukurudi wenyewe. Gari zima likimaliza kona, usukani hupenda kurudi katikati. Huu ulibaki pale pale ulipoachwa, mpaka aurudishe kwa nguvu.

Nilihesabu kona zile. Mtu mwingine angeomba dua, mimi nilihesabu. Zilikuwa kumi na saba kali. Nikajiambia, kupanda tunakwenda pole pole, hakuna hatari. Kisha nikakumbuka kwamba kila gari lililopanda lazima lishuke.

Tulifika saa nne. Na hapa ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Spana zilikuwa chini ya kiti. Vibati vilikuwa mfukoni. Ningevirudisha, usukani ungecheza tena kama mwanzo, lakini usingekwama, na dereva mzoefu kama yule angetushusha salama. Kazi hiyo haizidi dakika arobaini.

Lakini dada alikuwa amekwisha kuwaita wazee wa kijiji waje kuliona lori. "Hili limetengenezwa na huyu mdogo wangu kwa mikono yake, uani, juu ya mkeka," akawaambia. Mzee mmoja akanishika mkono akausoma kama kitabu. Ningelalaje chini ya lori lile lile mbele ya macho yao?

Nikasema, nitafanya baada ya hitima. Hitima ikaisha, nikasema, baada ya chakula.

Siku hiyo Mihambo alifanya kazi yake ya utani, na aliifanya kwa ustadi. Alivaa koti kuukuu la marehemu, akatembea kama marehemu, mguu mmoja ukiburuta, akaomba ugoro kwa sauti ya marehemu hasa. Wajane walicheka mpaka wakashikana. Pilau ilipopakuliwa alilala chali mlangoni, akasema maiti haijashiba, hakuna atakayepita. Wakamtupia senti. Aliziokota moja moja, akiziuma kwa meno kuona kama ni za kweli, ndipo akainuka.

Saa tisa u nusu watu walikuwa wamepanda nyuma. Ukungu ulianza kushuka mlimani na kila mtu alitaka kurudi. Mihambo akapanda juu ya bampa la mbele, akanyosha mkono.

"Wafiwa," akasema, "mimi sishuki mlima huu. Usukani wa lori hili fundi wenu ameutia bada. Ukiugeuza unanata. Mimi nina watoto, na ninyi mna watoto. Mwambieni fundi wenu alale chini autazame."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Maiti bado ina njaa, ipeni senti zake." Senti zikarushwa, zikaanguka miguuni pake.

Hakuziokota.

Msomaji, mimi ni Mbondei, nimekua na watani tangu utotoni. Mtani asiyeokota senti zake ameacha utani. Ninalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Wale waliokuwa nyuma ya lori hawakuona, kichwa cha lori kiliwazuia kuona chini. Mimi niliona. Senti zilikuwa kwenye vumbi na yeye alikuwa ananitazama mimi, wala hakukuwa na mzaha wowote usoni pake.

Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mnyamwezi ameshiba pilau ya bure, sasa anataka kulala huku huku. Mpandisheni mtumwa wangu twende zetu."

Na nikacheka. Watu wote wakacheka pamoja nami.

Kisha akashuka kwenye bampa, akaingia, akawasha gari.

Sijui niieleze vipi hofu ya mteremko ule. Nilikuwa upande wa kushoto, na kushoto ndiko lilikokuwa bonde. Dirishani mwangu niliona vilele vya miti ambayo mashina yake sikuyaona. Mihambo aliweka gia ndogo kabisa. Kona ya kwanza akaukata usukani mapema mno, kabla ya wakati, kwa sababu alijua utachelewa. Ya pili vivyo hivyo. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni wakati sisi wengine tunasikia baridi.

"Sema kweli, mtani," akaniambia bila kunitazama, kwa sauti ya chini. "Umefanya nini humu ndani?"

Dada alikuwa kati yetu, anasikia.

"Ni mpya tu," nikasema. "Utazoea."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nilikuwa na mkono juu ya mfuko wenye vile vibati nilipoyasema.

Kona ya tano, ya sita, ya saba. Nyuma watu walikuwa wakiimba kasida. Kona ya nane ilikuwa ya kulia. Mihambo akavuta usukani, ukaja nusu, ukasimama. Akainuka, akavuta kwa uzito wote wa mwili wake. Haukusogea hata kidogo. Lori lilikuwa linakwenda mbele na barabara ilikuwa inakwenda kulia.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Magurudumu yakaburuta kwenye changarawe. Upande wangu ukainama, nikasikia kitu chini yangu kikikosa ardhi, na lori likasimama.

Kasida ilikatika katikati ya neno.

Nilitazama dirishani. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa hewani. Jiwe dogo liliondoka chini yetu, nikalisikiliza linavyoshuka, nikangoja sauti ya mwisho, sauti ya mwisho haikuja.

"Asitingishike mtu," Mihambo akasema. Sauti yake ilikuwa ya taratibu kabisa. "Breki ya mkono ya gari hili ni ya jina tu. Nikiinua mguu tunakwenda. Walio nyuma washuke mmoja mmoja, kwa nyuma, upande wa mlima. Dada, uwaambie wewe, wewe watakusikia."

Dada akawaambia. Sufuria bado ilikuwa magotini pake, sasa tupu. Nilihesabu miguu ikigusa ardhi nyuma yetu. Kila aliposhuka mtu lori lilinyanyuka kidogo na kuinama kidogo, na kila lilipoinama mimi ndiye niliyekwenda chini. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita.

"Sasa wewe, dada. Pitia juu yangu."

Akapita juu ya mapaja yake na kutoka mlango wa kulia. Kisha ikawa zamu yangu. Nilipokuwa juu yake, uso kwa uso, nilihisi mguu wake wa breki unavyotetemeka kama waya wa simu.

"Mawe," akaniambia. "Makubwa. Magurudumu ya nyuma."

Tuliweka mawe, wanaume wote. Nilipiga kelele tayari. Mihambo akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akainua ule wa breki na kuruka.

Mawe yalishika kwa muda wa mtu kuvuta pumzi. Kisha yakateleza. Yeye alikuwa ameanguka karibu mno, na lori lilipoondoka gurudumu la nyuma la kulia lilipita juu ya mguu wake. Likashuka bondeni hatua kama thelathini, likakumbatia mti, likatulia.

Yeye hakupiga kelele. Waliopiga kelele ni wengine.

Tulimbeba kwenye machela ya miti na kanga za wanawake. Njia nzima nilishika upande wa kichwa, na njia nzima hakunitazama. Mguu ulivunjika mahali pawili. Ulipona, lakini ulipona mfupi, na wenye magari hawamtaki dereva asiyeweza kukanyaga breki kwa nguvu.

Yaliyofuata ndiyo mabaya kuliko yote, nayo niliyafanya bila haraka, siku baada ya siku.

Mji ulisema Mnyamwezi alifanya utani na usukani. Waliokuwa kwenye lori walikumbuka maneno yake juu ya bampa, wakayasimulia hivi: alisema hatatushusha, kisha akataka kutuogopesha kwenye kona, mzaha ukamshinda. Kila aliyesimulia aliamini. Mwenye lori akamfukuza kazi. Akaniita na mimi, akaniuliza, "Usukani wako ulikuwa sawa?"

Nikamjibu, "Ulikuwa umekaza."

Neno hilo ni la kweli. Nililichagua kwa sababu lilikuwa la kweli. Naye akaelewa nilivyotaka aelewe, kwamba ulikuwa imara.

Miezi minane nilikaa hivyo. Kazi zilikuja, watu walinisalimu. Nikisikia lori linashuka gia mtaani, niliweka spana chini nikasikiliza mpaka lipite. Nilifungua daftari nikasoma mstari ule: "Katikati pamelika. Pembeni pazima." Nilitaka kuuchana ukurasa. Nikashindwa hata hilo.

Siku moja nikaenda kwa Mihambo. Alikuwa amepanga chumba Mabawa, anasokota kamba za katani na kuuza. Nilimkuta amekaa barazani, mguu umenyoshwa, fimbo pembeni. Njiani nilikuwa nimeandaa tusi la kumwanzia, la kama zamani.

Aliniona, akaweka kamba chini, akajikaza kusimama kwa fimbo.

"Shikamoo, Bwana," akasema. "Karibu."

Mimi nimemzidi miaka mitano hivi. Katika miaka saba hakuwahi kuniamkia shikamoo, kwa sababu mtani haamkii. Nilisimama pale nikashindwa kuitikia marahaba. Ningepigwa fimbo ile ningeona nafuu.

Nikatoa kikopo cha tumbaku, nikamwonyesha vibati. Nikamweleza yote, kwa utaratibu, tangu saa moja na dakika ishirini. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Nilijua tangu kona ya tatu ya kupanda," akasema.

"Basi kwa nini ulikubali kushuka?"

"Ningekataa zaidi mngesema utani umepita kiasi. Lakini si hilo tu, Bwana. Nilimtazama dada yako ameingia mbele, amekaa. Nikasema moyoni, ndugu yake ndiye aliyefunga nati. Kama kuna kifo humu ndani, hawezi kumwacha dada yake akae juu yake. Nikatulia. Nikaamini kwamba mimi ndiye mwoga."

Akaokota kamba yake, akaendelea kusokota.

Jioni ile nilimwambia dada Mwanaidi. Alinisikiliza amesimama mlangoni. Aliuliza jambo moja tu. "Pale alipokuwa juu ya bampa. Wewe ulijua, na ukacheka?"

"Nilicheka, dada."

Akaingia ndani. Tangu siku hiyo tunasalimiana, na chakula huniletea, lakini habari za ufundi wangu hazitamki tena kwa mtu yeyote. Kesho yake nikaenda kwa mwenye lori nikamweleza naye, mbele ya wale wale waliokuwa wakisema juu ya Mnyamwezi. Baadhi wameamini. Wengine wanasema ninamfunika mtani wangu kwa huruma, maana ndivyo watani walivyo. Uongo ulikaa peke yake miezi minane. Ukweli umefika umechelewa, hauna mahali pa kukaa.

Nimeandika ili mtu mwingine asipite nilipopita. Wewe unayejifunza ufundi kwa kitabu, kama mimi: kitabu kikikuambia jambo usilolitaka, hapo ndipo kinapokufaa. Pandisha gari kwenye jeki, zungusha usukani mpaka mwisho wa pande zote mbili, na usiogope jibu. Usilipime gari la mlimani kwa barabara za Ngamiani. Na wewe mwenye watani, utani ni mali nzuri tuliyoachiwa, usiufanye pazia. Mtu akikuambia usukani unanata, hata kama kutwa nzima amekuwa akivaa koti la maiti na kuuma senti, lala chini utazame.

Mihambo bado hunisalimu shikamoo. Nimemwomba aache. Hunijibu kwa adabu kwamba mimi ni mtu mzima.

Ile bei ya parafujo na meno yake sikuwahi kuiuliza wakati ule. Nilijiambia vipuri ni ghali, nikaishia hapo. Mwezi uliopita nilikwenda dukani kuuliza. Karani akafungua orodha yake, akapitisha kidole, akanisomea vyote viwili pamoja na gharama ya kuvileta Tanga. Ndizo fedha nilizomwokolea mwenye lori: shilingi arobaini na moja na senti hamsini.